Kubernetes ndani ya Debian: ugomvi ulikuwa wa laibrari, kilichoiangusha ni kalenda

Ukichukua mashine yenye mfumo endeshi wa Debian 12 halafu ukaandika `apt install kubernetes-client`, unapewa kubectl, ile amri ya kuongea na Kubernetes, ambayo namba ya toleo lake inasomeka `1.20.5+really1.20.2-1.1`. Isome tena taratibu. Kubernetes 1.20 ilitoka Desemba 2020, Debian 12 ilitoka Juni 2023, na kipindi hicho wenye Kubernetes walikuwa wameshafika 1.27. Na siyo kwamba ni kubectl tu iliyochoka, ukitafuta vipande vya kuendeshea Kubernetes yenyewe kama kubelet au kubeadm au kube-apiserver kwenye ripo (hifadhi ya pakeji) hiyo hiyo huzikuti kabisa, kimebaki hicho kitu kimoja cha upande wa mteja, basi.

Wengi wakiona hivyo wanasema Debian wamelala. Mi sikubaliani, na nataka nieleze kwa nini, maana hiki kisa naona ndo kinachoonyesha vizuri kuliko vyote ugumu wa kuchukua programu ya kuratibu huduma, hizi kama Kubernetes zinazosimamia makontena (programu zilizofungwa pamoja na vyote zinavyohitaji) kwenye mashine nyingi kwa wakati mmoja, na kuifungasha iishi ndani ya mfumo endeshi huria wenye sheria zake na mwendo wake. Halafu kisa chenyewe mara nyingi kinasimuliwa nusu: kulikuwa na ugomvi wa laibrari (kodi inayotumiwa na programu nyingi), Kamati ya Ufundi ya Debian ikaamua, mwisho wa hadithi. Nusu ya pili, ambayo ndo inamhusu mtu mwenye klasta, yaani kundi la mashine zinazosimamiwa na Kubernetes, inaachwa.

Kwanza Debian wanataka nini

Debian ni mradi wa 1993, ulianzishwa na Ian Murdock, na mwaka 1997 wakajiwekea Mkataba wa Jamii pamoja na miongozo ya programu gani inahesabika kuwa huru. Hayo si mapambo ya ukutani. Ukipeleka pakeji mpya kule inaingia kwenye foleni inaitwa NEW, kuna watu wa kujitolea wanakaa na kupitia leseni, na wewe mtunza pakeji unatakiwa uwe na faili la `debian/copyright` linaloeleza kila kipande cha kodi kilichomo ndani ni cha nani na kiko chini ya leseni gani. Kila kipande. Kama umebeba kodi ya watu ishirini utawaandika wote ishirini.

Halafu kuna kanuni kwenye sera yao, kifungu cha 4.13, inayosema pakeji isibebe ndani yake nakala za laibrari ambazo tayari zipo Debian kama pakeji zinazojitegemea. Hii kanuni ina historia ya maumivu. Mwaka 2002 lilionekana tundu kwenye zlib, ile laibrari ya kubana data ambayo karibu kila programu inaitumia, na shida haikuwa kurekebisha zlib yenyewe, shida ilikuwa kuwatafuta wote waliokuwa wamenakili kodi ya zlib na kuiweka tumboni mwa programu zao. Ni kama mtaa ambao kila nyumba imechimba kisima chake kimya kimya, siku maji ya chini yakiingia sumu huna bomba moja la kufunga, inabidi ugonge kila mlango uulize, na kuna milango hata hujui kama ipo. Kwa hiyo Debian wakasema laibrari moja, nakala moja, ikitoboka inazibwa mara moja na wote wanapona. Timu yao ya usalama ni watu wachache wanaohudumia makumi ya maelfu ya pakeji, bila utaratibu huo hawawezi kazi.

Sasa upande wa pili. Kubernetes imetoka Google, ikatangazwa katikati ya 2014, toleo la 1.0 likatoka Julai 2015 na mradi ukakabidhiwa kwa Cloud Native Computing Foundation iliyo chini ya Linux Foundation. Imeandikwa kwa lugha ya Go. Na utamaduni wa Go ni kwamba unachukua laibrari zote unazozitegemea, kila moja kwenye vesheni yake maalum uliyoichagua na kuifanyia majaribio, unazinakili kwenye folda inaitwa `vendor`, unakompaili vyote pamoja na kupata faili moja kubwa lisilohitaji kitu kingine. Kwa mwenye programu ni raha tupu, unatuma faili moja tu. Kwa mtu wa Debian ndo kile kile alichokikataa tangu zlib, na hapa siyo nakala moja au mbili, folda ya `vendor` ya Kubernetes ya kipindi hicho ilikuwa na laibrari karibu 200.

Debian hawakuikataa Go, walitafuta njia. Kila laibrari ya Go wanaifanya pakeji yenye kodi ya chanzo, jina lake linaishia na `-dev`, mfano `golang-github-spf13-cobra-dev` au `golang-golang-x-net-dev`, wewe ukikompaili programu yako unaiambia itumie hizo na siyo za kwenye `vendor`. Ikitokea tundu wanarekebisha hiyo pakeji moja kisha wanakompaili upya programu zote zilizoitumia, maana kodi imeshaingia ndani ya kila faili. Siyo rahisi kama ilivyo kwenye C ambako unabadilisha laibrari moja na programu zote zinaiona papo hapo, ila angalau unajua nani kabeba nini.

Pale ilipokwama

Mtunza pakeji wa kwanza wa Kubernetes alitaka kufuata kanuni kama ilivyoandikwa, atoe laibrari zote kwenye `vendor` na kutumia za Debian. Sitaki mtu aichukulie kirahisi hiyo kazi. Chukua mfano mmoja tu: kuna laibrari inaitwa gnostic, inasoma maelezo ya API (njia ambazo programu huongea na programu nyingine), na client-go, laibrari ya Kubernetes ya kuongea na seva yake, inaitegemea. Mwanzoni ilikuwa na folda ndani yake inaitwa `OpenAPIv2`, zikiwemo herufi kubwa. Baadaye wakaibadilisha ikawa `openapiv2`, herufi ndogo zote. Ni hivyo tu, ila kwenye Go jina la folda ndo anwani unayoiitia kodi, kwa hiyo client-go iliyoandikwa kwa jina la zamani haikompailiki na gnostic mpya, na programu nyingine iliyoandikwa kwa jina jipya haikompailiki na gnostic ya zamani. Ukiwa na folda ya `vendor` hilo halikuhusu, kila mmoja amebeba yake. Ukiwa Debian una pakeji moja ya gnostic kwa wote, umchague nani?

Mwingine ni gRPC, laibrari ya kuwezesha programu kuongea kupitia mtandao. Kubernetes inaongea na etcd, ile hifadhi inayotunza hali yote ya klasta, na kodi ya mteja wa etcd kwa muda mrefu ilikuwa imefungwa kwenye vesheni za zamani za gRPC kwa sababu zilizofuata ziliondoa vitu ambavyo etcd ilikuwa inavitumia. Ndo maana Kubernetes ilikaa imebana gRPC kwenye 1.26 na 1.27 wakati wengine wote wanasonga mbele. Debian nao wana pakeji moja, `golang-google-grpc-dev`, na kuna programu nyingine kibao kwenye ripo zinaitaka mpya. Ukiipandisha unaivunja Kubernetes, ukiiacha unawavunja wengine, ukiandika kiraka cha kuifanya Kubernetes ikubali mpya basi umetengeneza Kubernetes ambayo hakuna mtu mwingine duniani ameijaribu. Zidisha hiyo hali kwa laibrari karibu 200. Na zile ambazo hazijawahi kuwa pakeji kila moja inapanga foleni NEW kivyake.

Matokeo yake pakeji ikabaki kwenye 1.7, ile ya mwaka 2017, ikakaa hapo kwenye tawi la sid, lile la Debian inayotengenezwa, mpaka 2020 wakati toleo la sasa lilikuwa 1.17. Kubernetes kipindi hicho ilikuwa inatoa matoleo manne kwa mwaka na kila moja lilikuwa linahudumiwa miezi kama 9 tu, kwa hiyo 1.7 ilishaachwa zamani sana na wenyewe. Mwaka 2018 lilipotoka tundu la CVE-2018-1002105, lile lililoanzia toleo la 1.0 kabisa na kumruhusu mtu kupitia kwenye kube-apiserver, mlango mkuu wa klasta, hadi kufika kwenye mashine za ndani kwa mamlaka ambayo hana, wenye Kubernetes walitoa marekebisho kwenye 1.10, 1.11 na 1.12. Kwa 1.7 hakuna, ukiwa na 1.7 wewe na Mungu wako.

Mwaka 2020 akatokea mtunza pakeji mpya, akaichukua, akaipandisha hadi 1.17 na kuendelea, na akafanya jambo ambalo ndo lilileta moto wote: akaiacha folda ya `vendor` kama ilivyo. Hoja yake ilikuwa kwamba wenye Kubernetes wanaijaribu na laibrari hizo hizo, kwa vesheni hizo hizo, ukianza kuzibadilisha unampa mtumiaji kitu ambacho hakijajaribiwa, na kwenye programu inayoshika huduma zote za kampuni hiyo ni hatari kuliko nakala zenyewe. Na tundu likitokea kwenye laibrari, wenye Kubernetes wana timu kubwa inayolifuatilia na wanatoa toleo dogo haraka, kazi ya mtunza pakeji ni kulichukua.

Yule wa zamani akapinga. Na naomba tusimdharau, hoja zake zilikuwa nzito. Akasema ukiruhusu hivi kanuni imekufa, kila mwenye programu kubwa atasema yangu ni ngumu. Akasema pia kazi ya kuzitoa laibrari ndo inayowafanya watu wa Debian waione kodi, wagundue leseni zilizokosewa, wagundue laibrari iliyotelekezwa na mwenyewe miaka mingi, wapeleke viraka kwa wenye kodi, na bila hiyo kazi Debian inageuka kuwa mahali pa kubandika faili za watu wengine. Mi nikisoma hoja zile naona kwa kanuni alikuwa sahihi na kwa hali halisi alikuwa ameshashindwa, maana pakeji iliyokaa nyuma matoleo kumi haikuwa inamlinda mtu yeyote.

Kamati

Walipokosa kuelewana suala likapelekwa kwa Kamati ya Ufundi. Hiki ni chombo kilichowekwa na katiba ya Debian, watu wasiozidi 8, na kina uwezo wa kubatilisha uamuzi wa mtunza pakeji lakini kwa masharti magumu, inatakiwa wingi wa kura tatu kwa moja. Debian wanaheshimu sana uhuru wa anayefanya kazi, anayeshika pakeji ndo anayeamua.

Mwanzoni mwa 2021 Kamati ikasema haitambatilisha. Msimamo wao ulikuwa kwamba Kubernetes ihesabiwe kuwa pakeji ya kipekee, kwa namna ile ile Firefox inavyohesabiwa, kwa sababu mbili: ni kubwa na ngumu mno, na wenyewe wana nguvu kubwa zaidi ya Debian ya kuhakikisha vipande vyote vilivyomo ndani vinakwenda na wakati. Kwenye Firefox hilo lilishazoeleka siku nyingi, Debian haijaribu kuivunjavunja wala kupeleka viraka vya usalama kwenye toleo la zamani, inachukua matoleo ya muda mrefu ya Mozilla yanayoitwa ESR, moja likiisha inahamia linalofuata hata kama uko kwenye Debian ile ile ya stable, yaani toleo lililokwisha kutulia.

Huo ulikuwa uamuzi mzuri na nausimamia. Haukuifuta kanuni, haukufungua mlango kwa kila mwenye uvivu, uliangalia kitu kimoja na kusema hapa gharama ya kanuni imezidi faida yake.

Ila ule mfano wa Firefox ndo nataka tuushike hapa, kwa sababu ndani yake kuna kitu Kubernetes haina.

Ambacho uamuzi haukugusa

Debian 11 ilitoka tarehe 14 Agosti 2021. Wengi tulitegemea baada ya ugomvi wote ule na ruhusa kutoka kwa Kamati sasa ingekuja na Kubernetes kamili. Ikaja na kubectl tu. Kabla ya toleo kutoka, vipande vyote vya upande wa seva viliacha kujengwa kutoka kwenye pakeji ya Kubernetes, na hata kwenye kumbukumbu za usalama za Debian matundu ya upande wa seva yamewekewa alama kuwa yameisha kwa maelezo kwamba seva yenyewe haijengwi tena tangu `1.20.5+really1.20.2-1`. Hiyo namba ya ajabu ni desturi ya Debian: pakeji ilishapandishwa ikaitwa 1.20.5, ikarudishwa nyuma kwenye 1.20.2, na kwa kuwa apt haikubali namba irudi chini wanaandika kwamba kwa kweli kilichomo humu ni kile cha nyuma. Yaani pakeji iliyopiganiwa kwa ajili ya laibrari, baada ya kushinda ugomvi wa laibrari, bado seva yake haikusafiri.

Piga hesabu ya tarehe uone. Toleo la Debian linaishi miaka mitatu ya matunzo ya kawaida, na ukiongeza kipindi cha LTS (matunzo ya muda mrefu) inafika mitano. Kubernetes 1.20 wenyewe waliacha kuihudumia mwisho wa Februari 2022, miezi 6 na kidogo baada ya Debian 11 kutoka. Kwa hiyo kuanzia hapo mpaka 2024 au 2026 nani angeziba matundu ya kube-apiserver 1.20? Hoja nzima ya Kamati ilikuwa kwamba wenye Kubernetes wana nguvu kuliko Debian. Sawa, ila nguvu hiyo ina mwisho, na kwenye toleo moja mwisho wenyewe ni mwaka na kidogo, baada ya hapo umebaki na laibrari karibu 200 tumboni na hakuna anayezitazama.

Utasema basi si wangefanya kama Firefox, likiisha hili wahamie linalofuata ndani ya stable. Hapo ndo penyewe. Firefox ESR ukiipandisha kutoka toleo moja hadi jingine mtumiaji anafungua kivinjari, kinasasisha wasifu wake chenyewe, anaendelea. Klasta ya Kubernetes haipandishwi na apt. Kwanza kubeadm hairuhusu kuruka toleo, ukiwa 1.20 unakwenda 1.21, kisha 1.22, kisha 1.23, moja moja, huku unahakikisha kube-apiserver inatangulia na kubelet inafuata bila kuachwa nyuma kupita kiasi kilichoruhusiwa. Pili kila toleo linaweza kuondoa API za zamani, 1.22 iliondoa Ingress (njia ya kufikia huduma kutoka nje) ya v1beta1, 1.24 iliondoa ile njia ya kutumia Docker moja kwa moja, 1.25 iliondoa CronJob (kazi inayojirudia kwa ratiba) ya v1beta1, na kila ukipita hapo inabidi ukague kwanza faili zako zote za YAML, zile zenye maelezo ya huduma zako. Sasa fikiria hilo linakuja kwenye mashine yako usiku kupitia apdeti za usalama zinazojiweka zenyewe. Unaamka huduma za wateja ziko chini na wewe hujagusa kitu.

Na ukisema basi tuiache palepale mpaka Debian nyingine itoke, napo hakuna njia. Mtu wa Debian 11 angekuwa na 1.20, Debian 12 ingekuja na tuseme 1.26, ile iliyotoka Desemba 2022. Katikati kuna 1.21, 1.22, 1.23, 1.24 na 1.25, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo kwenye ripo ya stable yoyote, kwa sababu ripo ya Debian inabeba vesheni moja kwa kila pakeji. Ngazi imekatwa hatua tano katikati. Hata wangekuwa na watunza pakeji kumi wazuri bado wasingeweza kumvusha mtumiaji wa kawaida kutoka stable hadi stable bila kumwambia nenda nje katafute hizo za katikati.

Kuna jambo jingine linasahaulika. Ukianzisha klasta kwa kubeadm, vile vipande vya juu yaani kube-apiserver, kube-scheduler, kube-controller-manager na etcd haviji kama pakeji za deb. kubeadm inavivuta kama picha za kontena kutoka kwenye hifadhi ya wenye Kubernetes, zamani `k8s.gcr.io` na siku hizi `registry.k8s.io`. Kwenye mashine yenyewe unahitaji kubelet, kubeadm na programu ya kuendesha makontena kama containerd, na containerd ndani ya Debian ipo na inatunzwa vizuri. Kwa hiyo hata Debian wangekesha kuikompaili kube-apiserver yao safi yenye leseni zilizokaguliwa moja moja, watu wengi wangeishia kuendesha ile ya kwenye picha na ya Debian ingekaa tu kwenye diski.

Kilichobaki kwa mtumiaji

Turudi kwenye ile kubectl ya Debian 12, maana iko kwenye mashine za watu na inasumbua. Sheria ya Kubernetes ni kwamba kubectl isipishane na kube-apiserver zaidi ya toleo moja juu au chini. Ya Debian 12 ni 1.20, klasta yako labda ni 1.27. Mara nyingi itaonekana inafanya kazi, `kubectl get pods` inaleta majibu, unaridhika. Halafu siku moja unaandika:

`kubectl create cronjob usafi --image=busybox --schedule="*/5 * * * *" -- date`

na unajibiwa kwamba seva haikukipata ulichoomba. Unahangaika na ruhusa, unahangaika na mtandao, kumbe kubectl 1.20 CronJob inayoijua ni ile ya `batch/v1beta1` pekee, ya `batch/v1` ilikuja na 1.21, na seva yako kuanzia 1.25 hiyo ya zamani imeshaitoa. Hakuna kilichoharibika, hawa wawili hawana lugha ya pamoja tena kwa hicho kitu. Kabla hujaanza kulaumu klasta andika `kubectl version` kwanza uone namba mbili zimepishana kiasi gani, na `apt policy kubernetes-client` uone hiyo kubectl imetoka wapi.

Wengi wanachukua kubelet na kubeadm kwenye ripo ya wenye Kubernetes wenyewe, na hapo napo kuna funzo la ufungashaji. Ile ya zamani, `apt.kubernetes.io`, ilikuwa na mstari mmoja wa `kubernetes-xenial main` kwa watu wote, hata kama uko Debian unaandika xenial ambalo ni jina la Ubuntu 16.04, na matoleo yote yalikuwa yamerundikwa humo. Ukisahau kuandika `apt-mark hold kubelet kubeadm kubectl`, inayozizuia zisipandishwe, basi `apt upgrade` moja ya kawaida inakurusha toleo jipya bila kukuuliza. Agosti 2023 wakatangaza `pkgs.k8s.io`, inayojengwa kwa Open Build Service ya watu wa openSUSE, na ile ya zamani ikaja kuzimwa Machi 2024, waliokuwa hawajahama wakaanza kuona makosa kwenye `apt update` na skripti zao za kuanzisha mashine zikafa. Kwenye hii mpya kila toleo lina ripo yake:

`deb [signed-by=/etc/apt/keyrings/kubernetes-apt-keyring.gpg] https://pkgs.k8s.io/core:/stable:/v1.30/deb/ /`

Uzuri wake ni huu hapa: hiyo `v1.30` iko ndani ya anwani. apt haiwezi kukuvusha hadi 1.31 mpaka wewe mwenyewe ufungue faili, ubadilishe namba, yaani umeamua. Viraka vya ndani ya 1.30 unavipata, kuruka toleo hakuji kwa bahati mbaya, na ngazi zote za katikati zipo kama ripo zake. hold bado iweke, maana hata kubelet ya toleo lile lile hutaki ijiwashe upya saa ya kazi bila kuitoa mashine kwenye mzunguko.

Fedora nao wamefika hapo hapo kwa njia yao. Wao nao zamani walikataza laibrari za ndani, ila 2015 wakalegeza, ukibeba unatangaza kwenye pakeji kwamba umebeba hii na hii ili timu ya usalama ijue pa kutafuta. Na kuanzia Fedora 41 wakaanza kutoa pakeji zenye namba ya toleo kwenye jina lenyewe, kama `kubernetes1.30` na `kubernetes1.31`, mtu achague. openSUSE kwenye Tumbleweed walishafanya hivyo mapema zaidi.

Mi naona Debian kwa kitu kama hiki wangeweza kufuata hiyo ya majina yenye namba, mbona PostgreSQL wanaifanyia hivyo miaka yote, `postgresql-15` ni pakeji na `postgresql-13` ni pakeji nyingine, zinakaa mashine moja na kuna zana ya kuhamisha data kutoka moja kwenda nyingine. Ila PostgreSQL toleo lake moja linahudumiwa miaka 5 na wenyewe, linameza umri mzima wa Debian stable na zaidi. Ukitaka `kubernetes1.28` iingie stable bado unarudi kwenye swali la nani ataitunza baada ya miezi 14, na kwa maoni yangu jibu la kweli ni kwamba isiingie stable. Ikae kwenye ripo ya pembeni ambayo imeandikwa wazi inaisha lini, na kwenye stable ibaki containerd, runc na vile vya chini ambavyo Debian inavijua na inavitunza kwa miaka. Kubectl yenyewe nayo ningeitoa, kuliko kumwachia mtu ya 1.20 ambayo inamjibu nusu na kumpoteza nusu.

Kwa anayefikiria kufungasha programu nyingine ya aina hii, iwe Nomad au kitu kinachofuata, mi ningemwambia kabla hajafungua folda ya `vendor` na kuanza kuhesabu laibrari aandike tarehe nne kwenye karatasi: toleo la mfumo endeshi linatoka lini, linaisha lini, toleo la programu linatoka lini, linaisha lini. Halafu aulize kama wenye programu wanaruhusu kuruka matoleo wakati wa kupandisha. Kubernetes ingejibiwa hapo hapo kwenye karatasi, kabla ya mtu yeyote kupelekana mbele ya Kamati.